Kabati la Ildefonce Laenda Tabora

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Ildefonce wangu, koplo wa jeshi, amehamishiwa Tabora! Matiri nzima hakuna mama kama mimi. Lori la jeshi litapita Alhamisi kuchukua vyombo vyake. Bure! Kabla ya kurudi kambini Songea ameniasa: Mama, kitanda, sanduku, baiskeli, kabati, basi. Mwisho kilo mia tatu, kinachozidi nalipa mimi. Na mshahara wangu ndio mahari ya mchumba wangu Zita.
Nimemwitikia. Mtoto hajui mizani. Mimi naijua.

Jumatano, 4 Agosti
Urbani, mtoto wa jirani yangu Walburga, alihama na kifurushi kimoja, kama aliyefukuzwa na siafu. Wangu hapana!
Miaka kumi na moja napeleka kahawa ushirika. Karani hupima, kisha hutoa uzito wa gunia. Sasa kabati ni nini kama si gunia la mbao? Nimejaza humo mahindi magunia mawili, maharage, na jiwe la kusagia la marehemu mama, Zita akalitumie. Watatoa uzito wa kabati na vilivyomo. Akili!

Alhamisi, 5 Agosti
Askari sita walibeba kabati. Mmoja alimwita mama yake.
Sajenti akasoma mizani: mia nne na sabini! Nikapiga vigelegele. Tangu nizaliwe mizani haijanipa namba kama hiyo. Sajenti akangoja nimalize, akasema zimezidi mia na sabini, koplo atakatwa.
Nikauliza, uzito wa kabati hamtoi? Akajibu, Mama, sisi hata misumari tunapima. Tushushe?
Walburga alikuwa uani kwake, shingo ndefu kama bata. Nishushe mbele ya huyo? Nikasema pelekeni, nikatia sahihi kwa niaba ya mwanangu. Nilidhani ananitisha tu, kama wanunuzi wa kahawa.

Jumamosi, 28 Agosti
Kumbe sajenti hakunitisha! Barua ya Ildefonce imefika. Amekatwa shilingi mia tatu arobaini! Mshahara wote wa mwezi na zaidi. Mahari haipo, ndoa mpaka baada ya Pasaka. Nimepiga meza, wino umemwagika.
Zita amekuja. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Kisha kwa upole kabisa: mama, jiwe limetangulia kwa mume, mimi nimebaki.
Nimeapa mbele ya msalaba: sitagusa tena mzigo wa mtu.

Jumapili, 29 Agosti
Nimepata dawa! Nitakwenda Tabora mwenyewe, nimwombe mkuu wa kikosi amrudishie mwanangu fedha. Mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Nimeuliza: garimoshi huruhusu abiria kilo ishirini tu.
Lakini nguo ya mwilini nani anaipima? Tangu tutoke misa nashona mifuko ya maharage ndani ya gauni. Huu si mzigo wa mtu, ni gauni langu.
Nimelijaribu mpaka kisimani. Walburga kaniuliza mbona nimenenepa ghafla. Nimemwambia ni raha za kuzaa koplo.