Iondoeni Mashine ya Nguzo, Mniachie Otmar

Kilimani, njia ya Didia
19 Agosti 1979

Kwa Meneja,
Ranchi ya Kilima Mawe,
Shinyanga.

Ndugu Meneja,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini ungekuwa hapa ungeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa tusipoteze muda.

Mimi ni Coletha, mama yake Apolinari. Sikusoma. Anayeandika ni mkwe wangu Theopista, mke wa Apolinari, mwenye mwandiko mzuri na tabia ya kupunguza ukali wa maneno yangu. Akiandika "naomba", wewe ujue mimi nilisema "nataka".

Mwezi wa sita ulituletea trekta ije kuzungushia ranchi uzio hapa kilimani. Mgongoni imebeba mashine ya kugonga nguzo, nyundo ya chuma inayopanda juu polepole na kushuka kwa hasira. Sisi tunaiita Mchi. Anayeiendesha ni Otmar, mjukuu wangu, kifungua mimba wa huyu Theopista. Miaka saba iliyopita Otmar aliondoka hapa na suruali moja kwenda Geita kuchimba dhahabu. Dhahabu hakuipata, alipata kikohozi, baadaye akajifunza trekta. Katika miaka yote hiyo alikuja nyumbani mara mbili, na mara zote mbili tulikuwa na msiba. Sasa anakula kwangu kila siku, na sijazika mtu. Kwa hilo nakushukuru sana. Shukrani zinaishia hapo.

Naomba uje uichukue mashine yako na utuachie Otmar. Sababu zangu ni hizi:

1. Mashine haijui mawe. Mtu akichimba shimo la nguzo kwa mtaimbo, ardhi inamwambia. Mlio mzito, ni udongo, endelea. Mlio wa kengele, ni jiwe, sogea hatua moja. Na kama huwezi kusogea, unawasha kuni juu ya jiwe mpaka likasirike, halafu unalimwagia maji ya baridi, lenyewe linapasuka. Marehemu mzee wangu alivunja hivyo jiwe kubwa kama fahali, akakaa kivulini akala michembe, viazi vyake vikavu. Mchi hauulizi wala hausikilizi. Unapiga tu. Hata punda kabla ya kupigwa huitwa jina lake kwanza.

2. Nguzo zenyewe. Nimezihesabu kwa kuzishika moja moja, kwa kuwa macho yangu hayaniridhishi. Zimesimama sitini na moja, na zilizonyooka ni kumi na tisa. Nyingine zikikutana na mwamba chini zinapinda pembeni, zinatafuta njia kama maji. Zile zinazokataa kupinda, vichwa vyake vimechanua kama mswaki wa mzee. Iko moja imeelekea choo chetu kama mtu mwenye haraka. Otmar anasema kosa si la mashine, chini kuna mwamba. Mimi nilimwambia siku ya kwanza kwamba chini kuna mwamba. Nimezaliwa juu yake.

3. Kuku wangu hawalalii mayai. Wanakaa kidogo, Mchi unashuka, wanasimama wote pamoja kama watu waliosikia Injili. Tangu mwezi wa sita sina kifaranga hata kimoja. Ranchi ya ng'ombe inamaliza kuku, na hili nadhani hata serikali haikulipanga.

4. Masikio ya Otmar. Ndugu Meneja, hapa usome taratibu. Mtoto anarudi jioni hasikii kitu. Nimemwekea nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, chakula alichokuwa akikililia utotoni. Mkono wake unatetemeka hivi kwamba mboga inafika shavuni kabla ya kufika mdomoni. Namuuliza habari za Geita, ananitazama mdomo. Wiki iliyopita nilimweleza kwa kirefu habari za Paskalia, binti mwenye adabu na mgongo wa kazi, ambaye nimemwangalia kwa ajili yake tangu mwaka juzi. Nilipomaliza akanijibu, "Ndiyo bibi, grisi nimeshapaka." Sasa msichana nimwambie nini? Nimpelekee grisi?

Miaka saba nimengoja kuongea na mtu huyu. Nimepata mwili wake, sauti yangu haimfikii.

5. Desturi. Huenda wewe ni wa kutoka mbali, kwa hiyo nakueleza. Kwetu Usukumani mtu mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake wachache amtunzie. Mtunzaji anakamua maziwa, anapata samadi. Siku mwenyewe akimtaka ng'ombe wake, anakuja na kamba, anaongea vizuri, anamfunga, anaondoka naye. Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyekuja kuchukua ng'ombe akamfunga kamba na mtunzaji pia. Basi mashine ni yako, Otmar ni wetu. Njoo na kamba. Na kwa desturi hiyohiyo, mtunzaji mwema hupewa ndama jike. Otmar ameuosha Mchi wako na kuupaka mafuta kuliko nilivyowahi kumpaka yeye. Hatuchagui, ila mwenye madoa angetupendeza.

6. Utauliza, uzio utamaliziwa na nani? Nimelifikiria. Panda minyaa. Wazee wetu walizungushia maboma yao minyaa, na mpaka leo hakuna ng'ombe aliyelalamika kwamba alitaka seng'enge. Mnyaa unaota kwenye mawe, hauhitaji nguzo wala dizeli, ambayo nasikia hata wewe unaitafuta kwa tochi. Kazi ya kupanda tutaifanya sisi vikongwe wa kilima hiki, tuko kumi na mmoja, tuna mitaimbo yetu. Ila minyaa ikishapandwa lazima awepo mtu wa kuitazama ikikua, mbuzi wasiing'oe. Kazi hiyo ni ya miaka minne na mtu mmoja anatosha. Napendekeza Otmar.

7. Mashine yenyewe sina chuki nayo. Ipeleke Songwa, kwenye almasi. Kule watu wanapenda kujua kilicho chini ya mawe. Sisi tunajua, ni mawe mengine.

Ng'wanawane, yaani mwanangu, usidhani nakugombeza. Nikikugombeza utasikia huko huko uliko, bila barua. Nataka tu mtoto akae nyumbani, asikie akiitwa, aoe, anizike mimi badala ya mimi kumzika yeye. Ukija kuchukua trekta yako usipite bila kula. Njoo na njaa.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mlinzi wa getini, na yule dereva wenu mnene aliyeleta dizeli akala viazi vyangu vyote akasema asante kama mtu. Msalimie mama yako. Mwambie hatujuani lakini nina mawazo naye, maana meneja na dereva wa trekta wote wanazaliwa na mtu. Kama hujamwona siku nyingi, panda basi.

Ni mimi, ninayekuombea afya na kukudai jibu,

Coletha, mama yake Apolinari
(dole gumba lake liko hapa, limechafuka kidogo, alikuwa anakaanga karanga)

N.B. Usiifunge barua bado, Theopista, andika.

Ndugu Meneja, Otmar ameingia sasa hivi akakuta karatasi mezani. Ameisoma yote akiwa amesimama. Amecheka mpaka akakohoa, halafu akakaa chini, hacheki tena. Akasema, "Bibi, mimi si mtunzaji wa hii mashine, mimi ni mwajiriwa. Ikienda Songwa naenda nayo. Uzio ukiisha leo, kesho mimi sipo. Huu uzio ndio ulionileta nyumbani."

Nikamuuliza, hata uzio ukinyooka vizuri? Akasema, "Ukinyooka vizuri ndiyo unaisha haraka, bibi." Na ameniangalia machoni, si mdomoni. Kumbe alikuwa amesikia.

Kwa hiyo barua hii usiisome. Kama umeshaisoma, yafuatayo ndiyo ya kweli. Mashine ni nzuri mno. Kuku wangu ni wavivu tangu zamani. Nguzo kumi na tisa zilizonyooka zina kasoro, zingeng'olewa zikaanzwa upya, bila haraka. Minyaa ni sumu, ina utomvu unaopofusha macho, sijui nani alikushauri. Na ule mstari mlioupima kwa kupita bondeni penye udongo laini mmeukosea kabisa. Upandisheni juu, kwenye mwamba wenyewe. Otmar anasema pale nguzo moja inaweza kula siku nne. Habari za Paskalia tutazipanga ndani ya hizo siku nne.

Tena nimekumbuka jambo. Jirani yetu Januari ana kilima chenye mawe kuliko hiki chetu, nacho hakina uzio hata wa kamba. Ni kweli Januari hana ng'ombe. Kesho asubuhi nakwenda kumwambia anunue.