Nyumba Isiyo na Msumari

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Nimekuwa Mkurugenzi wa Makumbusho. Makumbusho yenyewe bado, lakini cheo ninacho. Jengo ni nyumba ya marehemu babu anamoishi shangazi: mbao tupu kuanzia ngazi hadi paa, na hakuna msumari hata mmoja. Ulimi wa ubao umeingia kwenye tundu la mwenzake, kigingi cha mti kikapigwa, basi. Binamu yangu, mkandarasi tunayemwita Zege, anataka ibomolewe ajenge maegesho ya magari. Shangazi kasema yeye atatoka humo akiwa amebebwa. Mimi nimesema hatoki mtu! Nimemwita afisa wa mambo ya kale. Akiikubali, Zege haruhusiwi kuigusa.

Jumanne, 4 Juni

Nyumba haionekani kuukuu vya kutosha. Kosa la shangazi, anapiga deki mno. Nimepaka nguzo masizi na chai ya rangi mpaka zikapata heshima. Shangazi aliporudi sokoni alisema zimekuwa kama makalio ya sufuria. Nimesugua hadi jioni. Zege kapita na gari lake, akapunguza mwendo ili anicheke vizuri. Mbaya huyo!

Alhamisi, 6 Juni

Afisa kaja. Mama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutilia watu shaka. Zege naye kajileta, viatu vinang'aa, akaketi barazani kama mwenye nyumba. Akamwambia afisa kwamba misumari imo, imefichwa ndani ya maungio, kwani hakuna nyumba inayosimama kwa mapenzi. Damu ikanichemka. Nikasema nitathibitisha sasa hivi, nikachomoa kigingi. Kidogo tu! Cha pembeni!

Baraza likakaa chini. Halikuanguka, lilikaa, taratibu, ubao baada ya ubao, kama bibi harusi anayeogopa gauni lisikunjane. Zege akabaki katikati, mzima wa afya, kavaa fremu ya kidirisha shingoni. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi alijishika mdomo, machozi yanamtoka. Nikajua nimemfukuza nyumbani kwake kwa mkono wangu mwenyewe.

Afisa akapiga magoti vumbini, akageuza kila ubao. Kisha akamuuliza Zege misumari iko wapi. Zege akajitia shughuli ya kuivua fremu.

Hapo shangazi akafuta machozi, akachukua mchi wa kinu, akaanza kutuamuru: huu hapa, ule pale, wewe shika, wewe ondoka njiani (huyo ni mimi). Afisa akavua viatu akasaidia. Hata Zege alibebeshwa boriti! Kabla jua halijazama baraza limesimama, na sisi tumecheka mpaka mbavu zinauma. Shangazi kanikumbatia, halafu kanipiga kofi la mgongo. Yote mawili kwa moyo mmoja. Nina furaha isiyo na mfano.

Ijumaa, 21 Juni

Tumeshinda! Afisa kapiga simu: nyumba sasa ni urithi rasmi. Shangazi kacheza peke yake jikoni, mwiko mkononi. Sharti ni moja. Siku ukionekana msumari, hata mmoja, urithi umekwisha na Zege atapata ruhusa yake. Nikamwambia afisa alale usingizi, mlinzi ni mimi.

Jumanne, 25 Juni

Kibao cha shaba kimeletwa! Kimeandikwa NYUMBA ISIYO NA MSUMARI. Kizuri ajabu. Nimejaribu gundi, kikadondoka. Nimejaribu kamba, kikakaa upande. Kitu cha heshima kinataka kushikiliwa kiheshima. Shangazi yuko sokoni, nataka arudi akikute juu ya mlango.

Nimekwenda kwa Zege kuazima nyundo. Alipokiona kibao akatabasamu hadi gego la mwisho. Kanipa nyundo, kanipa na misumari minne ya bure, tena mirefu, kisha akasema atakuja mwenyewe kunishikia ngazi.

Kumbe binamu ana roho nzuri! Nilimfikiria vibaya miaka yote hii.