Mbu wangu na uzi wa Bi Kaltuma

Jumatatu, 9 Machi 1987

Daktari Phineas ametangaza: atakayeleta picha nzuri ya kwanza ndiye atakayeipeleka mkutanoni Nairobi. Hotelini! Kazi yenyewe: kutengeneza uzi wa RNA wenye alama ya mionzi na kuumwaga juu ya vipande vyembamba vya tezi za mate za mbu. Panapofanya kazi jeni tunayoitafuta, uzi hunata, na dawa ya picha huota vidoa vyeusi. Tumo wawili tu: mimi na Bi Kaltuma wa Mambrui, asiyevua glavu hata akipiga chafya. Nitamshinda. Suti nimeshaipiga pasi.

Jumanne, 10 Machi

Joto! Nimevua glavu. Bi Kaltuma kanionya kuwa jasho la kidole kimoja huila RNA kama mchwa na makuti. Nikamjibu kuwa mimi si mtu wa kutoka jasho. Saa tisa nikapima. Uzi umekatikakatika wote! Daktari akauliza naendeleaje. Nikasema, alhamdulillahi, vizuri sana.

Alhamisi, 12 Machi

Mpango! Bi Kaltuma alipokwenda kuswali adhuhuri, nilifungua friza lake. Vichupa viwili vya uzi: A na B. Nikachota matone matatu ya B kwa kuwa kimejaa zaidi. Mwizi mwenye adabu hammalizii mtu chake. Mbu wangu sasa wanaoga uzi wa kifalme. Nimekula mahamri manne.

Ijumaa, 13 Machi

Tumesuuza vioo vilivyobandikwa vipande vya tezi, tumevichovya katika dawa ya picha, tumevifungia kwenye sanduku la giza. Kimoja cha Bi Kaltuma kilimponyoka, kikavunjika. Sikucheka. Nilitoka nje kwanza.

Jumanne, 24 Machi

Siku ya hukumu. Cha Bi Kaltuma: vidoa vyeusi tele, vimejipanga ukingoni mwa tezi. Changu: hakuna kitu! Cheupe kama kanzu ya Idi. Bi Kaltuma akanivuta pembeni.

"Ewe Fondo, uzi wa B hauwezi kunata popote. Niliutengeneza makusudi, watu waone kuwa ule wa A haunati ovyo. Na siku ile ile niliona umepungua."

Kazi imekwenda, nikawaza, nirudi kwetu Marafa nikalime. Lakini yeye akamgeukia Daktari, akamwambia kuwa kioo chake cha B ndicho kilichovunjika, na kwamba bwana huyu alimsaidia kwa kutengeneza kingine. Daktari akakitazama kwa darubini, akapiga makofi. Hajapata kuona kioo kisafi namna hii! Picha mbili zitakwenda Nairobi, nasi sote wawili.

Jumatano, 25 Machi

Nimelala usingizi mnono. Nimemshukuru Bi Kaltuma mara tatu; kasema yameisha, ila nivae glavu. Mwanamke muungwana. Tukirudi tunaanza figo za panya, na Daktari ameagiza kila friza litiwe kufuli. Nimemwuliza Bi Kaltuma, kwa heshima zote, kama hahitaji mtu wa kumtunzia ufunguo.