Bahari ya Sebuleni Rusimbi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kioo cha tangi kimeota utando tena. Samaki wa Leonia, wale wawili wa baharini, wa rangi ya chungwa, aliotuzwa na kaka yake Bariki kwenye harusi yetu, wanahema juu juu. Nimempigia Bariki, yuko Tanga. Kasema niweke tangi la pili chini ya lile kubwa. Maji yashuke kwa bomba, yapite kwenye mwani, mwani ule uchafu, pampu iyarudishe juu. Nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Leonia akauliza humo watakaa samaki gani. Hakuna, nikasema. Akauliza kwa nini tujenge nyumba isiyo na mpangaji wakati shangazi yangu Marcelina, aliyekuja kutoka Kagunga kutibiwa goti, analala sebuleni kwenye godoro. Swali gumu.

Jumanne, 10 Juni
Tangi la pili limepatikana! Ni ndoo. Bariki anatuma mwani, lakini kwa nini nisubiri na ziwa lote hili? Nimekwenda ufukweni Kibirizi nikang'oa majani ya majini. Nikakutana na jirani yangu Mwinshehe akichota maji ya kutia kwenye tangi lake. Anafuga samaki wa ziwani. Wamenona, wanakera. Akauliza mtu wa Kigoma anatafuta nini baharini. Nikamjibu kwamba bahari ni bahari. Hadi sasa sijui nilimaanisha nini.

Jumatano, 11 Juni
Majani yamekuwa mchicha uliochemshwa mara mbili. Nyumba inanuka. Bariki kafoka: majani ya ziwani hayavumilii chumvi! Sasa mbona dagaa wa ziwa hili hili tukiwatia chumvi ndiyo wanadumu?

Ijumaa, 13 Juni
Mwani wa Tanga umefika kwa basi. Nimeutia ndooni, nikauwashia taa. Shangazi anasema mwanga unamnyima usingizi. Nimemgeuza kichwa kielekee ukutani.

Jumapili, 22 Juni
Siku ya aibu. Asubuhi ilikuwa ya ushindi: mwani umejaa, vidudu vinarukaruka ndani yake, kioo kinang'aa, samaki wanacheza. Nikamwita Mwinshehe aje aone. Akaja na kanzu nyeupe. Nilipoanza kumweleza, umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Maji ya juu yakaendelea kushuka! Ndoo ikafurika, godoro likalowa, Mwinshehe akapanda kiti. Mimi nimesimama nimeshika tochi, mchana kweupe. Shangazi, na goti lake, ndiye aliyechomoa bomba. "Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kiha, "maji huyaoni?"

Samaki wamebaki kwenye maji ya kina cha kidole, wamelala ubavu. Mwinshehe akashuka kitini, akakimbilia kwake kuleta maji ya ziwani. Leonia akamzuia mlangoni: yatawaua. Akapiga magoti, akachota sakafuni kwa sufuria, akayachuja kwa kanga yake ya harusi, akayarudisha tangini, huku analia. Mwinshehe akakunja kanzu, akachota naye. Wakachota mpaka samaki mmoja akasimama, kisha wa pili. Leonia akakaa chini kwenye maji. Hakunisemesha. Nilitamani anitukane.

Jumatatu, 23 Juni
Samaki wazima. Leonia kanisemesha: nipishe. Bariki kaeleza kwa simu, polepole, kama anayemfundisha mtoto: mdomo wa bomba nimeuzamisha mpaka chini ya tangi la juu, niupandishe karibu na uso wa maji ili umeme ukikatika yashuke kidogo tu, basi.

Nimelifikiria. Haliingii akilini. Bomba liliwahi kufurika? Kilichofurika ni ndoo! Ndoo ni ndogo. Nimeleta pipa. Sasa umeme ukikatika, maji yote ya tangi yataingia pipani, hata tone halitagusa sakafu. Leonia kauliza samaki watabaki na nini. Nimemwambia tusichanganye mambo, tunazungumzia sakafu.

Pipa halipiti mlangoni. Nimeanza kung'oa fremu.