Kifurushi cha Kwenda Mbele

Zamani mtu alijifunza lori kwa kuliosha, kulipakia na kulala chini yake, mpaka mwenye usukani akamwonea haya akamwachia. Siku hizi elimu hiyo hiyo inauzwa kwa vifurushi, kama muda wa maongezi!

Mzee Breki hakuyasikia haya kwa jirani. Aliyaona kwa macho yake mwenyewe, hayo hayo yenye ukungu yaliyomtoa kwenye usukani wa lori. Tena aliyaona huku amebeba cherehani ya binti yake begani!

Chanzo ni mkwewe. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, maana alijipachika jina la Rubani, na ukimwita vingine haitiki. Rubani alikuwa fundi simu, simu zikanyamaza. Akafuga kuku, wakahama. Akaingia biashara ya viatu, akanunua gunia zima la mguu wa kushoto! Muda wote huo alikuwa akilishwa na mkewe, binti wa mzee, ambaye alishona sare za shule katika chumba cha uani alichowapa baba yake.

"Baba," Rubani alitangaza siku moja, mdomo umejaa chakula, "mimi nimezaliwa kuendesha lori. Vitu vidogo ndivyo vinavyonishinda."

Akiba ndogo ya ada ya chuo cha udereva ilikuwepo. Rubani akaichukua, akarudi na miwani myeusi na glavu za ngozi. Dereva lazima aonekane dereva! Ada ikabaki hewani. Ndipo macho yake yakatua kwenye cherehani.

"Tunaiweka rehani chuoni tu, mama. Nikipata kazi, naikomboa siku hiyo hiyo."

"Na sare za watoto wa watu nizishone kwa meno?"

"Vumilia. Utakuwa mke wa dereva!"

"Mke nimeshakuwa. Ndiyo shida yenyewe."

Lakini alikubali. Alikuwa amechoka kumlisha, na uchovu ule ulimfanya aamini hata lile.

Chuo chenyewe kilikuwa kibanda cha bati nyuma ya gereji. Ndani kulikuwa na meza, feni isiyozunguka, na Mkurugenzi aliyefunga tai juu ya fulana. Nje kulikuwa na lori moja lililochakaa hadi taa zake zilionekana kuomba msaada. Mkurugenzi akaizungusha cherehani, akaikagua sindano, akakohoa kitajiri.

"Kwa hii unapata kwenda mbele, breki, na kona zote mbili. Kurudi nyuma ni kifurushi cha peke yake. Ghali."

"Ghali kiasi gani?"

"Hata usiulize."

Rubani akacheka, akavua miwani ili dunia imwone vizuri. "Kiondoe! Mimi na nyuma wapi na wapi? Mimi mtu wa kwenda mbele!"

Mzee Breki nusura aketi chini. Yeye alipokuwa utingo, dereva wake alimfundisha kurudi nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Mbele, yule dereva alikuwa akisema, hata ng'ombe anajua.

"Mkwe wangu," alisema taratibu, "kurudi nyuma ndiyo kazi. Mzigo haushushwi barabarani. Unashushwa uani."

"Baba, nyinyi mlikuwa mnarudi nyuma. Ndiyo maana hamkufika popote!"

Enzi zake mkwe hakuthubutu hata kukaa kiti kimoja na baba mkwe. Huyu alikuwa akimtusi mbele ya mtu mgeni, na jasho la kumbebea cherehani halijakauka shingoni!

Masomo yakaanza. Nyumbani, mfuniko wa sufuria ukageuka usukani. Rubani akila, ananguruma. Mkewe akimwomba apishe mlangoni, anapiga honi kwa mdomo. Jioni moja Mzee Breki alipita karibu na chuo, akaona ajabu: wanafunzi wote wameshuka, wanalisukuma lori kinyumenyume hadi pale lilipoanzia asubuhi, na Mkurugenzi yuko ndani anawapigia honi waongeze bidii.

"Yale ni mazoezi ya viungo," Rubani alimweleza baadaye. "Dereva anahitaji misuli, Baba. Enzi zenu hamkuwa na sayansi."

Mzee alitaka kuuliza jambo, akaliacha. Mtu ambaye hakufika popote ana lipi la kuuliza?

Cheti kilipotoka kikawekwa fremu kubwa kuliko dirisha. Rubani, pamoja na mkewe na mzee, akakipeleka ghalani kwa tajiri wa vifaa vya ujenzi, ambaye Mzee Breki alimwendeshea lori ujana wake wote. Tajiri hakukitazama cheti. Alimtazama mzee.

"Unamdhamini?"

Mzee Breki akamtazama binti yake. Wateja wa sare walikuwa wameshamfokea, na Mkurugenzi alikuwa ametishia kuiuza cherehani. "Namdhamini," akasema.

"Basi apeleke mzigo mmoja leo. Mzigo ukifika salama, kazi ni yake, na malipo ya kwanza nampa hapa hapa."

Mzigo ulikuwa masinki ya choo, meupe pee, yamepangwa lori zima kama meno ya kiongozi kwenye bango.

Wakaondoka watatu: Rubani na glavu zake, mkewe katikati, mzee dirishani. Na tuseme kweli, kwenda mbele alikwenda! Alipofika kwenye jengo, msimamizi akamwonyesha geti.

"Ingia kinyumenyume, dereva, stoo iko kulia."

Rubani akarekebisha miwani. "Nitaingia kwa upande mwingine."

"Hakuna upande mwingine."

"Nitautafuta!"

Akauzunguka mtaa, akatokea geti lile lile. Mafundi wakapunga mikono. Akazunguka tena. Safari hii wakaweka chini koleo zao, wakakaa kutazama. Safari iliyofuata wakampigia makofi.

"Unatafuta nini?" mkewe akamuuliza.

"Pembe, mama. Lori huingizwa kwa pembe."

Katika kutafuta pembe akakata kona kwenye kichochoro. Kichochoro kikabana. Mbele ukajitokeza ukuta wa uwanja wa mtu, na nguo zilizoanikwa juu yake. Rubani akapiga honi. Ukuta haukusogea.

"Ukuta huu umejengwa kinyume cha sheria za barabarani!" akafoka. "Nani mwenye ukuta huu? Aubomoe!"

Mama mwenye nyumba akachungulia juu ya shuka zake. "Wewe mwenye miwani, una wazimu? Rudi nyuma!"

"Rudi nyuma, basi!" mkewe naye akasema.

"Sikukilipia!" Rubani akalia. "Kifurushi hicho sikukilipia!"

Halafu uso wa Rubani ukang'aa. Akaruka chini, akakunja mikono ya shati.

"Tulieni, najua! Chuoni tulikuwa tunafanya hivi kila siku. Lile lori gia ya nyuma ilikufa zamani. Shukeni tusukume!"

Hapo Mzee Breki akalipata jibu la swali ambalo hakuuliza. Kifurushi kilikuwa ghali kwa sababu hakikuwepo!

Tajiri, aliyeitwa na msimamizi, alipofika na dereva mwingine, alimkuta Rubani ameegemeza bega kwenye bampa, jasho linamtiririka, anasukuma lori lililojaa masinki, peke yake. Dereva yule akapanda, akageuza shingo, akalitoa lori kichochoroni kwa mkono mmoja. Tajiri hakumgombeza Rubani. Alimgeukia mzee.

"Hata wewe, Breki?"

Maneno matatu. Mzee angeona heri kupigwa kofi.

Wakaenda chuoni kwa miguu. Nje kulikuwa na foleni ya wanafunzi wapya, kila mmoja amekumbatia kitu: redio, baiskeli, godoro. Binti wa mzee akaipita foleni yote.

"Nipe cherehani yangu, au niwaambie hawa gia gani imekufa."

Mkurugenzi akalegeza tai. "Dada, punguza sauti. Sawa. Lakini ada ya mume wako nitalipwa na nani?"

Yule mwanamke akamshika Rubani mkono, akamsogeza mbele.

"Huyu hapa. Ana glavu."

Akaichukua cherehani yake akaondoka, na usiku huo sare zilishonwa.

Mara ya mwisho Mzee Breki kumwona Rubani na lori lile ilikuwa jioni, akipita kwenda kununua nyuzi za binti yake. Lori lilikuwa likirudi kinyumenyume pole pole, Mkurugenzi ndani anapiga honi, wanafunzi wamejipanga kwenye bampa, na katikati yao mtu mmoja mwenye miwani myeusi na glavu zilizotoboka vidole vyote.

"Baba!" akapaza sauti, uso umelala kwenye bati. "Umeona? Nimepewa idara! Mimi ndiye mwalimu wa kurudi nyuma!"

"Sukuma," Mzee Breki akamwambia, akaenda zake.