Ukuta Wangu na Viti vya Bwana Lali

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe.

Nawaandikia nyinyi ndugu zangu wa chama mlioko Mombasa, Malindi na Unguja, niwahi kabla hamjalipata jambo hili kwa mdomo wa mwengine. Mwajua habari za Amu, Lamu yetu hii, hazingoji chombo. Najua pia barua hii itasomwa kwa sauti mkikutana Ijumaa. Basi atakayeisoma aende polepole na asiongeze lake. (Bwana Shee, nakusema wewe.)

Wapo wenzetu waliojiunga huko huko na hawajaiona nyumba, kwa hivyo nianze na hao. Nyumba ya chama iko mtaa wa Langoni, ya mawe, dari yake boriti. Ndani tunaweka ngoma na matari ya harusi, na ukutani zimetundikwa bakora zetu za kirumbizi, ule mchezo wetu wa fimbo. Desturi ni kwamba mwenzetu akisafiri huiacha bakora yake kwenye kigingi chake, na siku akirudi huishusha kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye ufunguo wa nyumba ndiye anayezipaka mafuta bakora hizo zisikauke zikapasuka. Ndiye anayeziba dari ikivuja. Ndiye anayewaandikia walio mbali kwamba fulani ameoa, fulani ametangulia mbele ya haki.

Kazi hiyo nimeifanya mimi, Thumani, tangu ndevu zangu zilipokuwa nyeusi. Hakuna siku niliyotawazwa. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu tu, nikauzoea uzito wake.

Kisha akarudi Bwana Lali.

Mwamjua, mlikaa naye huko bandarini miaka. Amerudi moja kwa moja, na amerudi na viti. Viti vya kukunja, vya kitambaa cha mistari, kama vile vinavyopangwa mbele ya ofisi ya DC siku ya gwaride. Akaviingiza nyumbani kwa chama bila kelele, akavipanga, akasema ni vya wote. Basi mji mzima ukaja kuvitazama! Watu waliozaliwa juu ya mkeka, waliokula harusi zao juu ya mkeka, wakawa wanangojeana zamu ya kukaa kitini. Wanakaa, wanainuka, wanavikunja, wanavikunjua. "Mashaallah, Bwana Lali." Dari niliyoiziba mimi iko juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyeinua shingo.

Wivu, ndugu zangu, ni kama dumuzi, yule mdudu anayekula boriti kwa ndani. Ukitazama juu, boriti imenyooka. Ukitazama chini, unga.

Yakaanza maneno. Kwamba Bwana Lali ni mtu wa sasa, ameona mambo, kwa nini asipewe ufunguo? Wengine wakasema Thumani amechoka. (Sikuchoka. Nilikuwa nimekaa.) Ikakubaliwa kwamba shauri aachiwe Mzee Famau, ambaye ndiye pekee aliye hai katika wale walioanzisha chama, naye alikuwa njiani kutoka kwenu kuja kututembelea baada ya miaka mingi. Atakayepewa ufunguo na Mzee Famau, basi ni huyo.

Tulimtazamia kesho. Leo alfajiri, tukitoka msikitini, ikaja habari kwamba Mzee ameshafika Mokowe, ng'ambo ya bara, na atavuka adhuhuri. Bwana Lali akaenda kumpokea. Nikabaki na nyumba peke yangu, na shetani wangu.

Nikaona nina njia moja. Nitaupaka ukuta wa sebule chokaa, uwe mweupe hata Mzee akiingia asione kitu kingine.

Hapa niwaeleze vijana, maana chokaa ni elimu. Mawe yakishachomwa hutiwa maji, yakachemka, kisha ile chokaa huachwa shimoni ilale wiki kadhaa. Ukitaka kuipaka unatia chumvi, ishike ukutani. Ukitaka weupe unaokata macho, unatia buluu ya kufulia, chembe tu, kama mtu anayeonja. Haya ni mimi niliyewafundisha wote. Kila mwaka nasimama pale shimoni nikisema: chokaa ni kama hasira, iache ilale kwanza.

Leo nikachukua chokaa ambayo bado ilikuwa na joto. Chumvi sikuikumbuka. Buluu nikaiendea nyumbani.

Mke wangu, Bi Mwanaesha, alikuwa uani. Akaniona nikiibeba buluu yake yote na kitambaa ilimofungwa.

"Bwana, hiyo ni buluu ya nguo," akasema.

Nikamwambia leo ni ya ukuta. Akanitazama kama anavyotazama wali unaotaka kuungua, akarudi kwenye kazi yake.

Nikaitia yote. Nilifikiri hivi: chembe ikileta weupe, gao zima la mkono litaleta nuru. Haikuyeyuka vyema, ikabaki na punjepunje, lakini nikajiambia ikikauka itajipanga. Nikapaka. Na wallahi ukuta ulipendeza! Si mweupe, si buluu, ni kama mbingu kabla jua halijawa kali. Nikarudi nyuma nikautazama kama bwana harusi.

Nilipogeuka, macho yangu yakaangukia vile viti. Vimejipanga. Mistari yao imenyooka. Nikajua Mzee akiketi pale atanyoosha miguu, atasema "ah", na ukuta wangu utakuwa nyuma ya mgongo wake.

Nikavipandisha chumba cha juu, kimoja kimoja, nikavifungia. Nikatandika mikeka, na mikeka nikaisogeza mpaka ukutani, ili kila mgeni aegemee kazi yangu.

(Mmeshaona linakokwenda. Mimi sikuona.)

Wakaja. Mzee Famau amekonda, lakini sauti ni ile ile. Bwana Lali alikuwa amemshika mkono. Akaingia, akatazama palipokuwa na viti, akanitazama mimi. Nikamwambia, hata hajaniuliza, kwamba miguu ya viti inachimba sakafu.

Hapo ndipo nilipoona goti la Mzee. Halikunjiki. Ilibidi ashuke kwenye mkeka kama mzigo unaoshushwa chomboni: huku Bwana Lali, huku mimi, na yeye mwenyewe amekamata ukuta kwa kiganja kizima na mgongo wote. Alipofika chini alikuwa anatoka jasho. Nami moyoni badala ya huruma nikasema, ameuegemea!

Wote wakaegemea. Imamu wetu, naye ni wa chama, akaegemea. Mimi nikaegemea kuliko wote, nikijisugua kidogo kidogo kama mbuzi mwenye upele, maana kila aliyeingia aliusifu ukuta. Mzee akasema tangu aondoke Amu hajaona weupe kama huu. Bwana Lali peke yake hakukaa. Alisimama muda wote akimimina kahawa na kupitisha halua, na mimi nikadhani amenuna. Joto lilikuwa kali. Sebule imejaa, madirisha madogo. Sote migongo ilitota.

Vijana, jambo hili halimo katika mafundisho yangu, basi lipokeeni leo. Chokaa isiyotiwa chumvi hutoka kama unga. Na buluu isiyoyeyuka ikikutana na jasho huamka.

Ikaadhiniwa alasiri. Wakatangulia, mimi nikabaki kufunga mlango. (Nilitaka Mzee anione na ufunguo mkononi. Hakugeuka.) Nilipofika msikitini swala ilikuwa inaanza, nikaingia safu ya pili. Nikatazama mahali pa kusujudu, kama inavyopasa. Kisha wakarukuu, na mimi nikarukuu, na mbele ya macho yangu ikainama safu nzima ya migongo ya buluu.

Si buluu ya kubahatisha. Buluu ya bendera. Mmoja ana bega moja, mmoja ana duara, mmoja ana mistari kama ya mkeka. Mzee Famau, ambaye aliswali ameketi pembeni, alikuwa na mgongo mzima na alama ya vidole vitano ubavuni, alipojifuta mkono. Na mbele yetu sote, katika kanzu yake mpya, imamu.

Nikasema moyoni, ya Rabbi, nisitiri. Kisha nikakumbuka kwamba nyuma yangu kuna safu ya tatu, na safu ya tatu inanitazama mimi, niliyejisugua.

Mtu mmoja nyuma akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Wa pili akakidaka. Wa tatu hakuweza, kicheko kikamtoka, akaacha swala akarudi nyuma kuanza upya. Nikasikia nyayo za wa nne zikimfuata.

Tulipotoka nje, kinyozi mmoja wa mtaa wa Mkomani alikuwa ameegemea mlango. Mwajua watu wa Mkomani na sisi wa Langoni tunavyotaniana. Akatutazama wote tunapita, akaniuliza kwa upole sana:

"Leo mmegawiwa sare?"

Ndipo wakageuzana. Huyu anamshika huyu bega, anamgeuza, anaguna. Imamu akajipapasa mgongoni, akautazama mkono wake, akautazama tena. Pale penye kundi zima kanzu moja tu ilikuwa nyeupe, ya Bwana Lali.

Mzee Famau hakucheka. Akauliza, "Lali, viti ulivyoniambia ndiani viko wapi? Nikajua goti langu limepata dawa."

Kumbe. Viti vile hakuvileta kwa fahari. Alivileta kwa ajili ya wazee wanaorudi, wasioweza tena kushuka chini. Alikuwa amemwelezea Mzee njia nzima.

Nikamngojea aniumbue. Ilikuwa haki yake.

"Nilivipandisha juu mimi, Mzee," akasema Bwana Lali. "Niliona watu watakuwa wengi, vitabana."

Ndugu zangu, ningetukanwa ningevumilia. Kusitiriwa na mtu unayemwonea wivu ni kama kuvuliwa kanzu na kupewa shuka. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi niliyevipandisha."

"Kwa nini?" akauliza Mzee.

"Nilivionea wivu."

"Viti?"

"Viti."

Akanitazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Halafu imamu. Halafu wote, na kinyozi wa Mkomani akalazimika kukaa chini pale pale mlangoni. Nilicheka na mimi, kwa sababu kusimama pale bila kucheka kulikuwa kugumu zaidi.

Tukarudi nyumbani kwa chama. Mzee hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigingi chake akaishusha bakora yake, iliyokuwa pale tangu alipoondoka. Akaipitisha mkono toka juu hadi chini. Akainusa. Ilikuwa inang'aa kama ya jana. Mimi nikatazama sakafu, maana nilijua kuwa shauri la ufunguo limefika.

"Ufunguo abaki nao mwenye kuuonea wivu," akasema. "Nyumba isiyoonewa wivu huanguka."

Akanigusa kifuani kwa ncha ya bakora.

"Lakini viti vishuke sasa hivi. Na vitakaa pale atakaposema Lali. Na kanzu hizi zote utazifua wewe."

Tukapanda juu mimi na Bwana Lali kuvishusha. Ngazi zile ni nyembamba, mwajua, lazima mmoja arudi kinyumenyume. Nikamwomba radhi nikiwa nimekumbatia kiti, sikuwa na mkono wa kumpa. Akasema tusahau. Kisha, katikati ya ngazi, akasimama.

"Kule Mombasa, barua zako zikisomwa, watu wote ni Thumani hivi, Thumani vile. Mimi sijaandikwa humo hata pembeni. Nikasema nitarudi na kitu ambacho Thumani atake asitake atakiandika."

"Wewe ulinionea wivu mimi?"

"Shuka, Bwana, kiti kizito."

Haya basi, Bwana Lali, nimekiandika. Ni viti vizuri. Vimepangwa penye upepo, na Mzee Famau amekaa kimoja tangu alasiri hajainuka, amesema "ah" kama nilivyojua atasema, na wallahi nilipoisikia ile "ah" bado kitu kilinichoma kidogo. Dumuzi hatoki kwa siku moja.

Kanzu za chama ziko uani kwangu, lundo linanifika kiunoni, juu kabisa iko kanzu ya imamu. Nimezisugua mpaka vidole vimekunjamana kama zabibu kavu, na barua hii mkiona ina madoa ya buluu, msidhani ni wino. Bi Mwanaesha alitoka, akatazama lundo, akanitazama mimi.

"Si nilikwambia ni buluu ya nguo?" akasema, akaingia ndani.

Wenzangu, ukuta bado nitaupaka upya, safari hii kwa chokaa iliyolala na chumvi yake. Bakora zenu ziko salama kwenye vigingi vyake, nimezitazama moja moja jioni hii. Rudini mzishushe, viti vipo. Ila nawasihi msinicheke, na atakayeshindwa kujizuia, acheke amesimama wima, asiegemee popote.