Kikapu Kilichoshika Namba Moja

Jumapili, 20 Julai

Wifi yangu Marsela, Bwana asifiwe. Hujambo huko Mbulu? Mguu umepona, au bado unautembeza kwa fimbo? Watoto na ng'ombe wazima? Sisi Karatu tuko salama, ila baridi inatutafuna. Ukungu hauondoki hadi saa nne.

Mchungaji ametushauri akina mama tuandike kila siku yanayotupata, ili tuuone mkono wa Mungu. Nimenunua daftari. Lakini kuongea na karatasi siwezi, kwa hiyo naongea na wewe. Nikimaliza nitakutumia.

Habari njema kwanza. Nimechaguliwa mwalimu wa Sunday School. Nitaingizwa kazini Jumapili ijayo mbele ya usharika wote, na somo langu la kwanza ni amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Angelina, yule Mama Edson wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, alikuwa anaitaka nafasi hiyo. Alinipongeza kwa kunibana mkono mpaka pete ikaniuma.

Nimelala mchana kwa furaha. Sijawahi kulala mchana.

Jumatatu, 21 Julai

Furaha imekaa siku moja tu.

Vumilia amerudi shuleni na barua ya Mwalimu Salima, yule binti wa Singida anayefundisha darasa la sita. Ijumaa kuna kikao cha wazazi. Lakini si kile cha kawaida, cha mwalimu kusema na sisi kutikisa vichwa. Safari hii mtoto ndiye anaongoza. Atatukaribisha, atatuonyesha kazi moja anayojivunia, ataeleza alivyoifanya hatua kwa hatua. Kisha atasema panapomshinda na anachotaka kufikia. Mzazi anasikiliza. Hilo la kusikiliza limepigiwa mstari.

Nikamuuliza Vumilia ni kazi gani atakayoonyesha. Akasema bado anafikiri, akaenda kuteka maji.

Wifi, hapa ndipo penye shida, na wewe peke yako ndiye nakuambia. Unakikumbuka kile kikapu cha katani cha stadi za kazi, kilichoshika namba moja darasani mwezi wa tano? Kile kilichotundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, chini yake jina la Vumilia kwa wino mwekundu? Nilikisuka mimi. Nilianza kwa kumwonyesha kitako tu. Kitako kikaenda vizuri, nikasema nimalizie ubavu. Kufumba na kufumbua nilikuwa nafunga mshikio.

Nimejipima kwa amri ya nane. Inasema jirani. Kikapu si jirani. Lakini roho haijatulia.

Mpango: leo ni Jumatatu, Ijumaa iko mbali. Nitamfundisha kusuka.

Jioni nilimkalisha kwenye mkeka, nikamwonyesha kusokota nyuzi pajani. Dakika tano paja limewasha. Dakika kumi kitako kimejikunja kama kiota. Nikageuka kuangalia maharage jikoni, niliporudi kuku alikuwa amekalia kitako, ametulia, anasubiri kutaga. Tluway alicheka mpaka akatoka nje. Unamjua kaka yako, kwa mwaka anaongea maneno arobaini. Leo ametumia manne: "Huyo kuku anajua vyombo."

Vumilia hakukasirika. Alimwondoa kuku taratibu, akaendelea kusuka.

Jumanne, 22 Julai

Mpango wa pili. Nimekwenda shule na mkungu mdogo wa ndizi.

Nilimwambia Mwalimu Salima kwamba mtoto wangu ana vipaji vingi, ingefaa aonyeshe kitu kingine badala ya kikapu. Kikapu watu wamekiona, tusiwachoshe. Akaniambia kazi anachagua mtoto mwenyewe. Nikasema sawa, lakini mtoto wa miaka kumi na miwili anajua nini? Akasema hicho ndicho tunachokuja kukisikia Ijumaa. Ana sauti ya upole huyu binti, lakini ukiegemea unakuta ukuta.

Nikauliza kama Vumilia ameshachagua. Amechagua, leo asubuhi. Amechagua nini? Akasema hiyo ni siri ya mwongozaji. Mwongozaji. Mtoto ambaye jana nimemfunga kamba za viatu.

Kisha akasema hivi, nami nimeandika kama alivyosema: "Mama Vumilia, na wewe jiandae. Kuna mahali utaulizwa."

Ndizi alizipokea, akazigawa kwa darasa zima mbele ya macho yangu. Edson wa Angelina alikula mbili.

Jumatano, 23 Julai

Nimeamka na wazo ambalo nadhani lilitoka kwa Mungu, maana nilikuwa bado napiga magoti. Kama Vumilia hawezi kufikia kikapu, basi kikapu kishuke kimfikie yeye. Nikiharibu kidogo, kitafanana na kazi ya mtoto.

Nilimwambia mwalimu mkuu kikapu kinahitaji kupigwa jua. Akakitungua ukutani kwa mikono miwili, kama anashusha picha ya marehemu, akasema shule inajivunia kipaji cha binti yangu na imepanga kukipeleka kwenye maonyesho ya kata. Nikashukuru. Nikakibeba nikatoka.

Nyumbani nilifumua mdomo wa kikapu, nikaanza kuusuka upya vibaya. Wifi, hii ni kazi ngumu. Mkono uliosuka miaka thelathini haujui kukosea. Nauvuta kulia, unajirudi wenyewe kama punda anayejua kwao. Nikatumia mkono wa kushoto. Nikafumba jicho moja. Mwishowe mdomo ukatoka na mawimbi, unapanda na kushuka kama vilima vya Oldeani. Nikasema, hapo sasa, ndiyo mkono wa mtoto huo.

Angelina akapita kwenda kusaga. Akasimama. Akakigeuza kikapu juu chini. Nikangoja aseme kimeharibika.

Akasema hajawahi kuona mdomo mzuri namna hiyo, ni mtindo gani? Akauliza nani kakisuka. Nikasema Vumilia. Akasema basi Vumilia amsukie na yeye kimoja kama hicho, cha kubebea sadaka ya mavuno. Nikasema nitamwambia.

Kwa hiyo hali ilivyo sasa: kikapu kimezidi uzuri, uongo umezidi ukubwa, na nina kikapu cha pili cha kusuka.

Tluway amekitazama, akasema kweli kimependeza. Huyu mwanaume hanisaidii.

Alhamisi, 24 Julai

Nimefunga. Chai tu, na kiazi kimoja kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

Mpango wa mwisho. Nimemwandikia Vumilia hotuba, ukurasa mmoja na nusu. Inaanza na shukrani kwa Mungu, mwalimu mkuu, kamati ya shule, halafu mimi. Hatua zote za kikapu zimo, kuanzia kuloweka katani. Nimemwambia aikariri, asibadilishe hata nukta.

Akaisoma yote, kwa heshima. Kisha akaikunja akanirudishia. Akasema, "Mama, imeandikwa vizuri. Lakini kesho naongoza mimi."

Nikamwambia naogopa asije akaaibika. Akanitazama kidogo, wifi, kwa macho yale ya marehemu mama yenu, akauliza, "Nani ataaibika, Mama?"

Nikaenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Nikafikiria Jumapili. Kama kesho jambo hili litatoka hadharani, nitasimamaje mbele ya watoto wa usharika na amri ya nane mkononi? Angelina atasimama nyuma na kwaya yake, anaimba huku ananiangalia.

Ijumaa, 25 Julai

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, hata yaliyoniuma.

Darasani kulikuwa na meza nne, kila meza familia moja, halafu wanapishana na wengine. Mungu anajua kupanga: meza ya jirani yetu walikaa Angelina na Edson wake. Kwenye meza yao kigoda cha mti, kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

Vumilia alitupokea mlangoni. Kaka yako alikuwa amevaa koti la harusi. Mtoto akatuonyesha viti, akasema, "Karibuni. Huyu ni baba yangu Tluway, mkulima. Huyu ni mama yangu Ester. Huyu ni mwalimu wangu. Leo nitaongea mimi, mkiwa na swali mtanyoosha mkono." Nikanyoosha mkono palepale. Akasema bado, Mama.

Kwanza akatoa mtihani wa hisabati. Kumi na saba kati ya hamsini. Nikataka kuufunika kwa kanga. Akatoa mwingine wa mwezi huu: thelathini na nne. Akaeleza mwenyewe alipokuwa anakosea, kwenye hesabu za sehemu, na jinsi alivyobaki na mwalimu mchana wiki tatu kuuliza. Wifi, sikujua. Nilidhani anachelewa kwa michezo, nilimgombeza mara mbili. Tluway akaushika ule mtihani, akausogeza karibu na macho, hakuurudisha mpaka mwisho.

Kisha akainama chini ya meza akatoa kikapu changu. Akakiweka katikati. Akainama tena, akatoa kitu kingine. Kile kiota. Kile cha kuku. Ila sasa kilikuwa na ubavu, kimeinamia upande mmoja kama mlevi, na mshikio mmoja. Akakiweka pembeni ya kile changu.

Akasema, "Hiki kizuri alisuka mama. Hiki nimesuka mimi, siku nne. Ninachojivunia ni hiki changu, kwa sababu nilifumua mara tisa na sikukiacha."

Nilingoja dari lianguke. Halikuanguka.

Akaendelea, na sauti haikutetemeka. Alisema panapomshinda ni kusokota nyuzi zilingane. Halafu akasema ana jambo moja kuhusu mama. Mama ana mikono mizuri kuliko wote anaowajua. Panapomshinda mama ni kusubiri. Akiomba msaada wa kuanza, kazi inaisha kabla yeye hajaanza. Kwa hiyo muhula huu yeye na mwalimu wameweka malengo mawili: yeye afikishe arobaini kwenye hisabati, na mama amfundishe kusuka, mikono ya mama ikiwa chini ya kanga.

Akanigeuzia karatasi na kalamu. Hapo ndipo nilipotakiwa kuulizwa. "Unakubali, Mama?"

Kwenye meza ya pili Angelina alikuwa ameacha kusikiliza kwake anasikiliza kwetu. Kicheko kikamtoka, kile cha sauti ya kwanza, darasa zima likageuka. Mwalimu Salima akamwuliza Edson kwa upole, na yeye kigoda alikitengenezaje? Edson ni mtoto mzuri, hana baya. Akasimama wima akasema, "Mjomba alichonga, baba akasugua, mimi nilishika tochi."

Angelina akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na sijui kama amekipata mpaka sasa.

Nikasema mbele ya wote kwamba ni kweli, nilisuka mimi, na mdomo nikausuka mara mbili. Mwalimu Salima akasema alijua tangu mwezi wa tano. Hakuna mtoto wa darasa la sita anayefunga fundo la mshikio namna ile. Bibi yake huko Singida hufunga hivyo hivyo. Alikuwa anangoja Vumilia aseme mwenyewe. Kikapu changu kimerudi nyumbani. Ukutani ofisini wametundika kile kilichoinama, na mwalimu mkuu amekiwekea msumari wa ziada kisidondoke.

Nikasaini. Machozi yaliniangukia kwenye karatasi, wino ukatambaa. Vumilia akasema haidhuru, saini inasomeka.

Njiani Tluway alimshika mtoto mkono, mtoto wa darasa la sita, mpaka nyumbani. Alisema, "Thelathini na nne." Baada ya muda akasema tena.

Jumapili, 27 Julai

Nilimwahi Mchungaji kabla ya ibada, nikamwambia yote nisije nikatanguliwa. Akasikiliza kikapu, ndizi, mdomo wa mawimbi. Nilipofika kwa kuku ilibidi akae. Akasema mwalimu wa amri ya nane aliyeshikwa juzi tu atakuwa bado anaikumbuka vizuri, akaniingiza kazini.

Watoto walikuwa arobaini na moja. Niliwasimulia habari ya kikapu tangu mwanzo. Wakacheka mpaka benchi likaanguka. Mtoto mmoja akauliza kama kuku aliokoka.

Angelina alinishika mkono mlangoni, safari hii bila kubana. Akasema kile kikapu cha sadaka bado anakitaka, na sasa anajua amwagize nani. Tumecheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu nilipochaguliwa.

Nina furaha, wifi. Nimejifunza. Kila mtu afanye kazi yake kwa mkono wake, hata ikitoka imepinda. Neno hilo nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika juu ya kitanda.

Jumatatu, 28 Julai

Mwalimu Salima ameleta barua nyingine. Watoto walituongoza vizuri, sasa ni zamu ya wazazi. Kila mzazi amwandikie mtoto wake barua ya ukurasa mmoja: umeona nini kwake Ijumaa, na umeahidi nini. Iandikwe na mzazi mwenyewe, kwa mkono wake. Itasomwa darasani Jumatatu ijayo.

Nimekaa nayo tangu asubuhi. Nimeandika "Mwanangu mpendwa." Nikakata. Nikaandika "Vumilia mwanangu." Yaliyomo moyoni ni mengi, lakini yakifika kwenye kalamu yanasimama kama mbuzi kwenye daraja. Na Angelina nasikia ameshamaliza kurasa mbili.

Sasa wifi, wewe umefika kidato cha nne, na una mwandiko wa karani. Niandikie hiyo barua. Weka mtihani wa hisabati, weka zile mara tisa alizofumua, na mahali fulani katikati weka machozi. Mstari mmoja wa Biblia, usiwe mrefu. Mwishoni andika Mama yako, Ester. Vumilia anaujua mwandiko wangu, lakini nitamwambia niliumia kidole.

Daftari hili nakutumia kesho kwa basi la asubuhi. Barua mpe dereva huyohuyo, nitamngoja stendi Alhamisi. Wasalimie wote. Tafadhali, wifi, nijibu mapema.